Flashi ya Kwanza: Kwa Harusi Zetu Tunasema Otomatiki



Mfungo Mosi umeingia, kadi za harusi zimeanza kugonga milango, na sisi kama kila mwaka tumeanza kuulizwa swali lile lile na wasichana wanaotaka kuingia katika kazi ya kupiga picha harusi za wanawake. Kamera wameshapata, ya kuachiwa na dada aliyeko Muscat au ya kununua kwa pesa za mchezo. Sasa wanataka flashi ya kuchomeka juu yake, na hapo ndipo wanapokwama: ya manuali au ya otomatiki? Wengi wanakuja na jibu walilokwisha kupewa na kaka zao: anza na manuali, bei yake nafuu na ndiyo itakayokufunza. Sisi hatukubaliani na jibu hilo, angalau kwa msichana ambaye kazi yake ya kwanza itakuwa ukumbi uliojaa wanawake na bibi harusi anayepita mara moja tu. Na wewe bibi harusi usiyejua hata kamera inawashwa wapi, usiyapite maneno haya. Picha zitakazoharibika ni zako.

Hatutaingia leo katika khitilafu ya wanazuoni juu ya picha. Wapo wanaozikataza, wapo wanaoziruhusu kwa masharti, na kila mmoja wetu ana mashekhe anaowafuata. Tunazungumza na wale walioamua kupigwa, na wanaotaka kupigwa kwa stara.

Mnajua wenyewe ukumbi wa wanawake ulivyo. Mlango ukishafungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele zilizosukwa tangu asubuhi zinatoka, magauni yanaonekana, asumini vifuani, na hata yule mama ambaye hujapata kumwona bila ya ushungi anacheza. Simu zinakatazwa. Surat An-Nur, aya ya 31, imetupa mipaka ya nani aone pambo letu na nani asilione, na usiku ule mipaka hiyo inalindwa na mlango mmoja na kamera moja. Kamera hiyo ikishikwa na mwanamke, ukumbi mzima unapumua. Kwa hiyo mpiga picha wa kike akishindwa kazi, hasara haiishii kwake.

Tuliliona hilo kwa macho yetu mwaka juzi, katika harusi moja mjini Unguja. Mpiga picha alikuwa binti tunayemjua, mwenye bidii, kamera yake ndogo ya mwanzo, na flashi ya manuali aliyoinunua wiki mbili kabla. Alikuwa amejaribu nyumbani na amejaribu jukwaani mchana, mambo yakawa mazuri. Usiku ikafika saa ya kumtoa bibi harusi. Taa zikazimwa, zikawashwa zile za rangi, vigelegele, moshi wa udi, na bibi harusi akaonekana mlangoni kashikwa mkono na bibi yake upande mmoja na somo yake upande wa pili. Binti akaanza kurudi nyuma huku anapiga. Wanawake wakamsukuma, akasogea karibu, akasukumwa tena, akawa mbali. Flashi yake ikawa inatoa mwanga ule ule aliouweka kwa ajili ya jukwaa. Picha za mwanzo zikatoka giza, za mwisho zikatoka nyeupe kama karatasi. Ya bibi kamshika mjukuu wake mlangoni haimo hata moja inayoonekana uso.

Wiki iliyofuata shangazi wa bibi harusi alimwita binti yule, akamlipa kama walivyokubaliana, akamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hatukulaumu. Lakini harusi ya mdogo wake, inshaallah, tutamchukua yule bwana."

Na wakamchukua. Tulialikwa na huko pia. Bwana yule alikuwa mtu wa heshima na picha zake zilitoka vizuri. Lakini wanawake walikaa na mabuibui yao usiku kucha kama wako kituo cha daladala, na bibi harusi alifunikwa shela mpaka machoni kwa nusu ya shughuli. Wenye kuvuka mipaka walivuka, na wenye kujilinda waliondoka mapema. Ndiyo maana tunasema suala la flashi si la mafundi peke yao.

Sasa tueleze tofauti, kwa lugha ya jikoni.

Flashi ya manuali ni kama jiko la mkaa: moto unaupanga wewe. Ina vipimo, kutoka nguvu kamili, nusu, robo, thumni, kwendelea chini mpaka 1/128. Ukiiweka robo itatoa robo, akiwa bibi harusi yuko mbele ya pua yako au yuko mwisho wa ukumbi. Na mwanga una tabia moja isiyosamehe. Mtu akisogea nusu ya umbali aliokuwapo, mwanga unaomfikia unakuwa mara nne. Akirudi mara mbili ya umbali, anapata robo tu. Binti wetu alianza mita 5 akaishia mita moja na nusu. Tofauti hapo ni zaidi ya mara kumi, na mkono wake haukugusa kitufe, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa inashika kamera na kuzuia wifi za watu.

Flashi ya otomatiki, ile inayoandikwa TTL, hufanya kitu kimoja kabla ya picha. Hutoa mwanga mdogo wa haraka ambao jicho aghalabu halitambui, kamera inaupima ukirudi kupitia kwenye lenzi, inakokotoa, kisha inaamrisha flashi itoe kiasi kinachotakiwa. Yote hayo yanapita kufumba na kufumbua. Bibi harusi akisogea, kipimo kinabadilika naye. Mpiga picha anabaki na kazi moja: kuangalia uso, na kujua lini ashuke na kitufe.

Na la muhimu ambalo wauzaji wengi hawalisemi: karibu kila flashi ya otomatiki ina manuali ndani yake. Unabonyeza kitufe, inageuka. Ya manuali haina njia ya kugeuka kuwa otomatiki. Kwa hiyo anayekwambia "anza na manuali ujifunze" hakukwambia uongo juu ya kujifunza, amekosea juu ya kununua. Nunua ya otomatiki, ujifunze manuali kwa hiyo hiyo, nyumbani, kwa wadogo zako na mito ya makochi. Harusi ya watu si darasa.

Lakini tusiitukuze otomatiki. Mashine haijui harusi. Kamera inapopima mwanga hudhani kila kinachoonekana mbele yake kina wastani wa kijivu, kisha inapanga ili kitoke hivyo. Mweke bibi harusi wa gauni jeupe ajaze picha, mashine itasema "mwanga umezidi," itapunguza, na gauni lililogharimu mamilioni litatoka rangi ya maji ya mchele na uso wake utaingia giza. Mpange mamake na shangazi zake sita wenye mabuibui meusi, itasema "giza," itaongeza, na nyuso zao zitatoka kama zimepakwa unga. Weka nyuma yao jukwaa la dhahabu lenye vioo na vijiwe, mwanga ukirudi kwa nguvu kwenye lenzi, mashine itajua imemaliza kazi na itazima mapema.

Dawa yake ni fupi. Karibu kila flashi ya otomatiki ina alama ya kuongeza na kupunguza. Gauni jeupe, ongeza hatua moja. Mabuibui meusi, punguza thuluthi mbili mpaka hatua moja. Hatua moja maana yake ni mwanga mara mbili, au nusu yake. Ukishajua hayo mawili umeshavuka robo tatu ya matatizo ya otomatiki katika harusi za kwetu, maana kwetu rangi ni hizo mbili: nyeupe ya bibi harusi na nyeusi ya wengine kabla mlango haujafungwa.

Kuna kasoro nyengine ndogo tuliyoichelewa kuijua. Ule mwanga wa kupimia unaotangulia, kuna watu macho yao ni mepesi, wanapepesa kwa huo, na picha inapopigwa kope ziko nusu njia. Ukimwona bibi harusi wako katika kila picha ana usingizi, na kope za kubandika zimefunika jicho, usimlaumu yeye. Geuza flashi iwe manuali akiwa ameketi, mwanga wa kutangulia hautakuwapo, na macho yake yatakuwa wazi.

Hapo kwenye kuketi ndipo manuali inapotawala. Bibi harusi akishapanda jukwaani hatembei tena. Atakaa saa nzima au mbili, watu wanapanda kupiga naye picha, umbali haubadiliki. Hapo otomatiki ni usumbufu, kwa sababu kila kundi likija na rangi zake mashine inabadilisha mawazo: wa kanga za njano hivi, wa magauni ya buluu vile, na ukija kuzipanga picha kwenye albamu uso wa bibi harusi una rangi tano. Weka manuali, piga mbili tatu za kujaribu, kisha usiguse tena. Njia tunayoipenda ya kupima umbali ni kuhesabu marumaru za sakafuni. Nyingi za kumbi ni za sentimita 60, kwa hiyo marumaru tano ni mita tatu. Simama kwenye mstari huo huo usiku mzima. Unaweza hata kubandika kipande cha selotepu.

Na siku ya hina ndiyo siku ya manuali zaidi. Hakuna shughuli ya harusi iliyotulia kama ile. Mikono imenyooshwa juu ya mto, mchoraji anafanya kazi yake, saa zinakwenda. Hina ikiwa mbichi inang'aa, piko inang'aa zaidi, na ukipiga flashi moja kwa moja kutoka juu ya kamera utapata madoa meupe badala ya maua. Geuza kichwa cha flashi kielekee ukuta mweupe ulio ubavuni pako, weka nguvu ya thumni au 1/16, mwanga utarudi kwa ubavu na kila mchirizi wa hina utaonyesha kivuli chake kidogo. Ukishapata kiasi, picha arubaini zote zitafanana. Hapa hatuna ubishi na watu wa manuali.

Juu ya kugeuza kichwa cha flashi, kisiwa chetu kina mambo yake. Vitabu vyote vinasema rusha mwanga kwenye dari. Dari ipi? Katika nyumba za Mji Mkongwe dari iko juu mno, ya boriti za mikoko, mwanga ukipanda haushuki. Chini ya turubai la kijani nyuso zote zinakuwa za kijani. Kwenye kumbi siku hizi wapambaji wanatandaza vitambaa vya waridi juu, na bibi harusi anatoka kama ana homa. Dari nyeupe ya jipsamu katika nyumba mpya ndiyo rafiki yako, na ukuta mweupe ni rafiki mkubwa zaidi. Pasipo na hayo, elekeza flashi mbele, ipunguze, na uongeze ISO mpaka 1600 ili taa za ukumbi nazo zifanye sehemu yao. Shata iweke 1/100 hivi. Usizidishe 1/200, maana kamera nyingi za mwanzo hapo ndipo mwisho wake kwa flashi ya kawaida, ukipita utapata utepe mweusi umekata picha.

Tumesema nyuso kutoka kama zimepakwa unga, na hapa tunaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo ya mada, kwa sababu linatukera. Kuna wapiga picha, wa kike na wa kiume, wanaoongeza flashi kwa makusudi ili bibi harusi atoke mweupe. Wanaambiwa na familia, au wanadhani ndiyo uzuri. Msichana ana rangi yake nzuri ya kunde aliyopewa na Mola wake, amefanyiwa singo siku saba mpaka ngozi inang'aa, halafu anapewa albamu ya mtu mwengine. Tumeshasema mengi juu ya mikorogo. Kumchoma mtu kwa flashi mpaka rangi yake ipotee ni mkorogo ule ule, tofauti hauumi. Bibi harusi, una haki ya kusema mapema: nataka nitoke nilivyo.

Wakati mwengine kosa si la flashi wala la mpigaji. Poda nyeupe za kumalizia, zile zenye silika, na baadhi ya krimu za kuzuia jua zenye zinki au titani, hazionekani kwenye kioo. Flashi ikipiga, zinarudisha mwanga na uso unatoka na mabaka meupe chini ya macho na puani. Tumeona bibi harusi analia kwa hilo siku ya tatu, pasipo na la kufanya. Siku ya kujaribu mapambo, zima taa, mwambie mdogo wako akupige kwa flashi, hata ya simu. Uso ukiwa tofauti na shingo, mwambie mpambaji abadilishe poda. Kazi ya dakika mbili.

Turudi dukani. Katika sisi kuna mwenzetu mmoja ambaye hakubaliani na makala hii, na tumemwahidi kusema hoja yake. Yeye alianza na manuali, akakaa nayo miaka mitatu, na leo akiingia chumbani anajua kwa macho tu kwamba pale ni robo na hapa ni thumni. Anasema anayeanza na otomatiki halijui umbali, na siku mashine ikimdanganya hajui amedanganywa wapi. Hoja yake ya pili ni ya pesa, na ina uzito. Godox TT600, ambayo ni manuali, inauzwa nje kwa bei ndogo. TT685II ya kampuni hiyo hiyo, ya otomatiki, bei yake inakaribia mara mbili. Hizo ni kabla ya nauli na ushuru. Kwa pesa ya otomatiki moja, anasema, nitapata manuali mbili, moja kulia kwa jukwaa na moja kushoto, na picha zangu zitakuwa nzuri kuliko zako.

Jukwaani, ni kweli. Zitakuwa nzuri kuliko zetu. Lakini harusi haikumbukwi kwa jukwaa peke yake. Inakumbukwa kwa mlango, kwa mama aliyeshindwa kujizuia, kwa wanaocheza, kwa wifi anayemfuta bibi harusi jasho. Hayo yote yanatembea. Na mwenzetu alipojifunza alijifunza kwa kupiga picha za bidhaa za duka la mamake, vitenge na manukato, vitu visivyosogea na visivyo na shangazi. Tulipomkumbusha hilo alicheka, hakujibu.

Kisha kuna jambo ambalo limewatoa machozi wasichana wawili tunaowajua. Tazama juu ya kamera yako, kile kitako cha chuma ambapo flashi huchomekwa. Kamera nyingi zina kitone kikubwa cha chuma katikati, na ndicho kinachoiamrisha flashi ya manuali kuwaka. Canon imekiondoa katika baadhi ya kamera zake za bei nafuu, zikiwemo 250D, 2000D na 4000D. Ukichomeka flashi ya manuali ya kawaida kwenye kamera hizo haitawaka kabisa, hata ikiwa mpya kutoka boksini. Ndizo kamera za wanaoanza, na ndizo wanaoanza wanaoambiwa wanunue manuali. Kwa kamera hizo sharti upate flashi ambayo muuzaji amekuhakikishia inafanya kazi na kamera hiyo hiyo. Beba kamera yako dukani, chomeka, bonyeza, uone imewaka, ndipo utoe pesa. Ukiagiza Kariakoo au kwa ndugu aliyeko Dubai, mtumie picha ya kitako hicho kwanza.

Otomatiki nayo ina mtego wake. Lazima iwe ya aina ya kamera yako. Godox huweka herufi mwishoni: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm. Ukinunua ya N ukaivalisha Canon, otomatiki hakuna. Wauzaji wengine watakwambia "zote sawa, dada." Si sawa. Na kama una nia ya kubadilisha kamera karibuni, badilisha kamera kwanza.

Betri tuzipitie haraka. Flashi nyingi zinakula betri nne ndogo za AA. Nunua za kuchaji, seti mbili, na chaja nzuri, siku ile ile unayonunua flashi, na uihesabu bei yake ndani ya bei ya flashi. Betri za bei rahisi za dukani zitakupa picha chache, kisha flashi itaanza kukaa sekunde nyingi kabla ya kuwa tayari, na sekunde hizo ndizo bibi harusi anapokata keki. Chaji usiku wa kuamkia, usingoje alasiri, umeme wetu mnaujua.

Na pesa yenyewe. Tunawaomba, msikope kwa riba kwa ajili ya chombo cha kupigia picha. Hakuna harusi inayostahili hilo, na baraka ya kazi inaanza kwenye mtaji wake. Kama pesa haijatimia ya otomatiki, kuna njia mbili za heshima. Subiri zamu yako ya mchezo, huku unakwenda harusini kama msaidizi wa dada aliyetangulia, umshikie taa, ujifunze. Au nunua manuali hiyo, ikiwa kamera yako inaikubali, na uchukue kazi zinazoendana nayo: hina, singo, picha za bibi harusi nyumbani akiwa ameketi, za watoto wa madrasa siku ya kuhitimu. Waambie watu kwa ukweli kwamba ukumbi bado. Hakuna atakayekudharau. Baadaye ukinunua otomatiki ya kampuni hiyo hiyo, ile ya zamani haitupwi. TT685II ikiwa juu ya kamera inaweza kuiwasha TT600 iliyowekwa mbali, bila ya waya.

Bibi harusi, wewe unapokwenda kumwona mpiga picha usiulize kamera yake ni ya milioni ngapi. Mwombe akuonyeshe picha tatu: ya bibi harusi akiwa anatembea ukumbini usiku, ya kundi la wanawake wenye mabuibui meusi, na ya mkono wenye hina. Za wateja walioridhia zionyeshwe, na akikuonyesha za wasioridhia, ondoka, maana kesho zako zitaonyeshwa vile vile. Kisha muulize nani atazisafisha picha kwenye kompyuta. Tumeshuhudia familia iliyotafuta mwanamke wa kupiga, ikafunga milango, ikakusanya simu, halafu kadi ikaenda kwa kijana wa kiume wa stesheni azipunguze chunusi. Flashi ya otomatiki haitusaidii hapo.

Yule binti wa mwaka juzi anaendelea na kazi. Alikusanya kwa miezi minane, akanunua ya otomatiki, na ile ya manuali sasa anaisimamisha pembeni ya jukwaa juu ya stendi, amefunga mfuko wa mchanga miguuni mwake watoto wasiiangushe. Familia ile ina binti wa tatu, na harusi yake ni mwezi ujao. Shangazi amempigia simu kumuuliza bei, akamtajia, akasema atazungumza na wenzake. Mpaka tunaandika haya hajarudi.